Maziko Yangu katika Darasa la Mwalimu Pazi

Ndugu zangu, mimi ni mtu ambaye vijana wa Isevya wakimwona kwa mbali huficha sigara nyuma ya mgongo, na wazee wenzangu wakimkaribia hukumbuka ghafla kwamba wana shughuli kwingine, kwa sababu nimekwisha kusema nao wote, mmoja mmoja na kwa makundi, juu ya uchelewaji, umbea, ulevi, na tabia ya kuazima kitabu cha mtu na kukirudisha kikinuka mafuta ya taa, kwa hiyo mtanielewa nikisema kwamba aibu iliyonipata masika ile, ambayo kama ingempata mwingine ingekuwa kicheko cha jioni moja na kuisha, kwangu mimi haijaisha mpaka leo, na kila nipitapo kwa fundi baiskeli karibu na soko yeye huweka kando tairi analoziba, huinama kwa adabu zote, na kuniambia, "Shikamoo, marehemu."

Nami naitika marahaba. Nifanye nini? Salamu ni salamu.

Ilikuwa ile miaka ambayo kila chumba chenye paa kiligeuzwa darasa ifikapo jioni. Nchi nzima ilikuwa inasoma. Bibi kizee aliyekuwa akiweka dole gumba alikuwa sasa anaandika jina lake kwenye mchanga kwa fimbo ya kuchungia, na wale waliokwisha kuvuka hatua hiyo, makarani wa stesheni, wauguzi wasaidizi, mafundi wa mjini, walikuja kwetu wakitaka Kiingereza, kwa sababu (pamoja na kwamba taifa lilikuwa limekwisha kuamua kusema Kiswahili, uamuzi ambao nauunga mkono kwa moyo wote) chupa za dawa na injini za reli zilikuwa bado hazijaarifiwa. Kituo chetu kilikuwa katika shule ya msingi ya Isevya, hapa Tabora, chumba kimoja kirefu kilichogawanywa kuwa viwili kwa ukuta wa plaiwudi usiofika darini. Seremala alituambia mbao zimekwisha, kamati ikamwamini.

Upande mmoja nilifundisha mimi, na upande wa pili kwa muda mrefu hakuna aliyefundisha, jambo ambalo nililiona kuwa mpango mzuri.

Somo nililojulikana nalo ni vishazi nomino, yaani zile sentensi ndogo zinazoketi ndani ya sentensi kubwa na kufanya kazi ya jina, kama mtu anaposema "najua ulikotoka" au "alichokisema kimeniudhi". Kwa Kiingereza jambo hili huwatoa watu jasho. Nilikuwa na jedwali lake, kishazi kwa chaki nyekundu, kitenzi kikuu kwa chaki ya buluu, mishale ikitoka hapa kwenda pale, na wanafunzi wangu wakinakili kimya kabisa, na ukimya ule nikauita nidhamu. Nikiwaambia watunge wao wenyewe, ukimya ulizidi, nami nikauita tafakuri.

Ndipo akaletwa Mwalimu Pazi.

Alikuwa kijana wa pwani, Mzaramo, mwembamba, nywele amezichana juu kama kichuguu, shati lake la kitenge limefunguka kifungo kimoja zaidi ya kinachohitajika. Siku ya kwanza kabisa, mbele ya kamati nzima ya kituo, nikiwa nimemnyooshea mkono kwa heshima ya kikazi, hakuushika mkono, alinivua barghashia, akaivaa yeye, akasema, "Mnyamwezi, hii babu yako aliiacha rehani kwetu, sasa nimeipata."

Kamati ikaangua kicheko. Hapa sina budi kueleza kwa asiyejua. Zamani babu zetu walipokuwa wakibeba mizigo kutoka Tabora kwenda pwani, walipita katika nchi ya Wazaramo, wakagombana, wakapatana, na katika mapatano hayo ukazaliwa utani, ambao maana yake ni kwamba Mzaramo anaweza kunitukana, kuninyang'anya kofia, kumwita mke wangu mke wake, hata kwenda kulala kwenye kaburi la baba yangu siku ya maziko akidai kwamba nafasi ile ni yake, nami sina ruhusa ya kukasirika. Nikikasirika, nalipa faini. Mimi kwa upande wangu nina ruhusa hizo hizo juu yake. Lakini sikuwahi kuzitumia. Nilisema palepale, na kofia yangu ikiwa bado kichwani mwake, kwamba utani ni desturi ya barabarani na misibani, na kwamba taifa linalojengwa halipaswi kuuingiza darasani.

"Nimekusikia, mtani," akasema Pazi, akanirudishia kofia kinyumenyume.

Tangu juma lile upande wa pili wa plaiwudi ukaanza kucheka. Mnajua ilivyo vigumu kufafanua kishazi nomino wakati upande wa pili wanacheka? Mtu mmoja angesema neno, watu wote wangeitika, kisha kelele, kisha meza zinapigwa, na mimi nimesimama na chaki yangu nyekundu kama mtu anayesoma hotuba ya shukrani kwenye harusi isiyo yake. Nikatega sikio (kwa nia ya kitaaluma), nikagundua kwamba alikuwa anafundisha somo langu. Vishazi nomino! Hakuvitaja kwa jina hata siku moja, hakuwa na jedwali, hakuwa na rangi. Alikuwa anawatania tu kwa Kiingereza.

"Wanyamwezi!" angesema. "Nani anajua babu yenu aliogopa nini alipoiona bahari?"

"Hakuogopa kitu!" angejibu mtu. "Sisi tunajua ni nani aliyejificha juu ya mnazi alipousikia msafara unakuja!"

Na kishazi hicho, ndugu zangu, nikikichunguza kutoka upande wangu, kilikuwa kimekaa sawasawa.

Wanafunzi wangu wakaanza kuhama, tena kwa adabu inayoumiza. Mmoja alisema macho yake hayaoni vizuri ubao wa upande huu. Mwingine alisema upepo. Bi Kulwa, muuguzi msaidizi, mwanamke mcheshi asiyejua kusema uongo, aliniambia, "Mwalimu, kwako najifunza sana, lakini nikitoka nakuwa sina hamu ya kusema na mtu." Nikampa ruhusa.

Hayo yote ningeyameza. Lakini jioni moja Mama Hawa, mke wangu, akiwa anachambua mchele uani kwetu Cheyo, alisema bila kuinua macho, "Baba Hawa, nimejiandikisha darasa la Kiingereza."

"Alhamdulillahi," nikasema. "Tunaanza saa kumi na nusu kamili. Usichelewe."

"Si kwako. Kwa Mwalimu Pazi."

Nikauliza, "Kwa nini?"

Akapuliza pumba. "Kule watu wanakosea."

Nilijua anasema nini. Miaka ya nyuma aliwahi kuniomba nimfundishe, nikaweka ubao mdogo ukutani, tukaanza vizuri, na kila alipofungua kinywa nilimsahihisha kabla sentensi haijafika mwisho, kwa upendo, nawahakikishia, kwa upendo mtupu, mpaka jioni moja alinyamaza katikati ya neno, akasema, "Chai inapoa," akaenda jikoni, na ubao ule ukaishia kufunikia mtungi.

Basi akaanza kwenda kwa Pazi. Mimi nikaanza kuona mambo. Niliona kwamba siku za darasa anapiga pasi gauni lake mapema, na anavaa ile kanga ya harusi ya dada yangu, ambayo mimi nikimwambia aivae husema inapauka. Niliona kwamba anaimba akiosha vyombo. Niliona kwamba chai yangu inamiminwa na mtu ambaye midomo yake inatembea, anajisemea Kiingereza, na nikimuuliza, "Unasema nini?" ananijibu, "Hujaitwa." Tulikuwa tunatoka nyumbani pamoja, mimi nasukuma baiskeli, yeye pembeni, na mlangoni pa shule tunaagana kama watu wa vyama viwili. Usiku nililala nikiusoma uso wake, nikijiuliza kicheko chake ni kipi katika vile vicheko ninavyovisikia kupitia plaiwudi, maana nilikuwa nimesahau kinavyosikika, na jambo hilo la kusahau liliniuma kuliko yote. Nikaanza kumchukia Pazi kwa moyo uliokomaa. Nilichukia nywele zake. Nilichukia mluzi wake. Nilichukia hata baiskeli yake, ambayo haikuwa na kosa lolote isipokuwa kengele.

Siku yenyewe ilikuwa Ijumaa. Nilikuwa nimetoka msikitini moja kwa moja, nimevaa kanzu yangu nyeupe na barghashia, na darasani kwangu alikuwa amebaki mwanafunzi mmoja tu, Mzee Ramadhani, fundi cherehani wa Isevya, ambaye kwa umri ni kaka yangu mkubwa na ambaye nilimpenda kwa uaminifu wake. Tulikuwa ndiyo kwanza tunaanza mshale wa kwanza alipotikisa kiti chake.

"Mwalimu, kiti hiki mguu umelegea. Naomba nikaazime kingine hapo upande wa pili."

"Nenda, mzee wangu, urudi upesi."

Akaenda. Nikangoja na chaki mkononi. Kisha nikasikia upande wa pili sauti yake, sauti ya Mzee Ramadhani mwenyewe, ikisema jambo, na darasa zima likicheka, na yeye akicheka kuliko wote. Kiti chake kilicholegea kilikuwa mbele yangu. Hakikuwa kimelegea hata kidogo.

Hapo ningefuta ubao, nikachukua baiskeli yangu, nikaenda nyumbani, na leo fundi baiskeli angekuwa ananiita mwalimu. Lakini ndipo nikamsikia Pazi.

"Mke wangu! Mama Hawa, mke wangu wa safari! Waambie hawa unakumbuka nini."

Na Mama Hawa akajibu, kwa Kiingereza, polepole lakini bila kutetemeka, "Ninachokumbuka ni kwamba mume wangu Mzaramo alikuwa mvivu, nikambebea mzigo wake mpaka Bagamoyo!"

Meza zikapigwa. Na juu ya kelele zote nikakisikia kicheko chake, kile kinachoanzia chini kama mtu anayekohoa halafu kinapanda na kumponyoka, ambacho sikuwa nimekisikia tangu Hawa hajazaliwa. Nikataka kumwona. Hilo tu, ndugu zangu, naapa; nilitaka kuona uso wake ukiwa unacheka hivyo, na pia (kwa kuwa nimeahidi kusema yote) nilitaka kuona yule kijana anamtazama kwa macho gani.

Nikavua viatu. Nikapanda juu ya dawati. Dawati lilikuwa fupi, nikaweka juu yake kiti cha Mzee Ramadhani, nikapanda kiti, nikashika ukingo wa juu wa plaiwudi, nikachungulia.

Nilimwona. Alikuwa mstari wa mbele, kichwa amekirudisha nyuma, anajipangusa machozi kwa pindo la kanga ya harusi ya dada yangu. Alikuwa msichana. Lakini Pazi alisimama karibu mno na ukuta, nikawa naona kichuguu cha nywele tu, macho yake siyaoni, basi nikainama kidogo zaidi ili niyaone, na plaiwudi, ambayo seremala alikuwa ameipigilia misumari kwa imani zaidi kuliko kwa nyundo, ikatoa sauti kama ng'ombe anayeamka.

Sikuruka, kama wanavyodai wengine. Nilishuka na ukuta. Plaiwudi, ubao wangu wa kufundishia uliokuwa umetundikwa juu yake, jedwali la vishazi nomino, boksi la chaki, mfuko wa chokaa uliosahauliwa juu ya boriti, na mimi, sote tulilala mbele ya darasa la Mwalimu Pazi kwa kishindo ambacho walinzi wa stesheni walidhani ni mabehewa yanaunganishwa. Barghashia yangu ilibiringika taratibu hadi miguuni pa mke wangu.

Sikuumia. Ningeumia ingekuwa afadhali. Nilijaribu kuinuka mara moja nikakuta kanzu yangu imenaswa na msumari mkubwa mahali pabaya, kiasi kwamba nikiinuka mimi kanzu itabaki, na chini ya kanzu siku ile nilikuwa nimevaa bukta yenye kiraka ambacho sikukusudia kukionyesha kwa umma. Basi, nikiwa nimelala chali, nimefunikwa chokaa toka nywele mpaka vidole, nikafanya uamuzi wa pili ambao ulikuwa mbaya kuliko wa kwanza. Nilifumba macho. Nilijiambia kwamba wakidhani nimezirai watanibeba, na mtu aliyebebwa haulizwi alikuwa anatafuta nini juu ya ukuta.

"Yarabi!" nikamsikia Mzee Ramadhani. "Mwalimu Maganga huyu!"

Nikasikia hatua zinakimbia, kisha vidole vya Bi Kulwa vikanishika mkono kwenye mshipa. Akayahesabu mapigo. Nilijua amejua. Muuguzi hadanganywi kwa kufumba macho.

"Vipi?" akauliza mke wangu, na nikasikia katika sauti yake hofu ya kweli, hofu ambayo kwa aibu kubwa nakiri kwamba ilinifurahisha.

Bi Kulwa alinong'ona jambo. Halafu akatangaza kwa sauti ya wodini, "Ndugu wafiwa, ametutoka."

Na hofu ikatoka chumbani kama hewa kwenye mpira.

Nilikuwa nimesahau kwamba niko kwenye chumba kilichojaa Wanyamwezi, pamoja na Mzaramo mmoja, na maiti. Pazi alilia kilio kirefu cha kwao pwani, akajitupa chini kando yangu, akajigaragaza kwenye chokaa. "Ooo mtani wangu! Mtani wangu! Babu zako walitembea kutoka hapa mpaka Bagamoyo na pembe za ndovu kichwani wasianguke, wewe umetoka chumba hiki kwenda hiki umeanguka!" Akainuka, akaiokota barghashia yangu, akaivaa, akaweka mikono nyuma, akakohoa kikohozi changu (sikujua kwamba nina kikohozi changu), akatembea mbele ya darasa kwa hatua zangu na kusema kwa sauti yangu, "Ukimya! Ukimya ndio mwanzo wa sarufi!" Watu walicheka mpaka mmoja akatoka nje.

Mtani akishika msiba hakuna wa kumzuia. Nilikuwa nimebanwa na msumari upande mmoja na heshima upande mwingine. Nikaendelea kufa.

"Sasa wafiwa," akasema Pazi, "kila mmoja amkumbuke marehemu. Kwa Kiingereza. Na sentensi iwe na nyingine ndani yake, marehemu alizipenda."

Wakaanza. Nawatafsiria. Karani wa stesheni alisema, "Alichokipenda zaidi marehemu kilikuwa chaki nyekundu." Mwingine akasema, "Sitasahau alivyonitazama nilipopiga chafya." Bi Kulwa, hajauachia mkono wangu bado, akasema, "Sijui ni nani atakayetukasirikia sasa." Na mimi nikiwa nimelala pale, chokaa ikiniingia puani, nilisikia kitu ambacho kwa miezi mingi ya mishale na rangi sikukisikia: vilikuwa vinatoka. Vishazi nomino vilikuwa vinatoka vinywani mwao kama watoto wanaotoka shule, vimenyooka, vina uhai, na vyote vilikuwa juu yangu, na hakuna hata kimoja nilichokifundisha mimi. Niliona wivu ambao hata maiti halisi angeusikia.

"Na mjane!" akalia Pazi. "Jamani mjane! Mnyamwezi ameniachia mke na baiskeli. Baiskeli mbovu nitaiuza. Mke nitamrithi mimi! Mama Hawa, wanikubali?"

Hapo, ndugu zangu, moyo ulinigonga mbavu kama unataka kutoka wenyewe ukapigane. Nilitaka kuinuka, bukta na kiraka chake, nimkamate yule kijana kwa kile kifungo kisichofungwa. Nilikaza taya. Nilijiambia, huu ni utani, ukikasirika unalipa, nyamaza, wewe ni mtu mwenye akili. Na nilishinda. Nililala kama gogo. Niliona fahari hata, kwamba nimejitawala.

"Nitafikiri," akasema Mama Hawa, na watu wakacheka, lakini yeye hakucheka.

"Mzee Ramadhani," akasema Pazi, "wewe ndiye uliyekuwa naye mwisho."

Mzee Ramadhani akajikohoza. Alikuwa mwoga wa Kiingereza, kila neno analipima kama kitambaa. Akaanza kusema kwamba anajua alikoenda marehemu, na alipofika katikati ya sentensi akakiweka kitenzi mahali pasipo pake, kosa ambalo nilikuwa nimemsahihisha juma lile lile na juma la kabla yake, na kabla sijajua ninafanya nini, kutoka chini ya chokaa, kwa sauti iliyo wazi na yenye ukali wa kutosha, marehemu alimsahihisha.

Nawaacha mwone wenyewe chumba kile. Mzee Ramadhani aliruka nyuma akasema "Lailaha!" Karani alishuka chini ya dawati akicheka bila sauti. Mimi nikafumbua macho, nikaona nyuso zote zimeniinamia, nikapandwa na hasira za mtu asiye na pa kukimbilia, nikapiga kelele: "Huu ni upuuzi! Ni upuuzi mtupu! Darasa limegeuzwa ngoma! Nitashtaki kwa kamati, na wewe kijana utarudi kwenu kwa treni ya kesho!"

"Amekasirika," akasema Pazi kwa upole. "Mashahidi mpo?"

"Tupo!" wakaitika wote, na wa kwangu wa zamani ndio waliopaza zaidi.

"Mnyamwezi amemkasirikia mtani wake msibani. Kofia naishika mpaka akombolewe. Nani anamkomboa?"

Wote walimgeukia Mama Hawa. Alikuwa amesimama, kanga ameikunja mkononi, ananitazama pale chini kwa jinsi ambayo sikuwa nimetazamwa siku nyingi, yaani kwa makini. Nikangoja. Sikuwahi kungoja jambo kama nilivyongoja lile.

"Kwanza niseme sentensi yangu, maana sijasema," akasema. "Nitaianza kwa Kiswahili wote waelewe. Baba Hawa, nimeposwa mbele yako, ukanyamaza. Mzee Ramadhani amekosea neno moja, ukafufuka."

Hapakuwa na kicheko. Akageukia darasa, akasema kwa Kiingereza, neno kwa neno, bila kosa: "Sasa najua ni kitu gani kinachomwamsha mume wangu."

Pazi mwenyewe aliivua barghashia, akaanza kuipangusa vumbi.

"Namkomboa kwa jogoo," akasema Mama Hawa. "Yule mwekundu."

Nikainua kichwa. "Anayeniamsha alfajiri?"

"Huyo huyo. Hatumhitaji tena. Wakikosea neno tu, utaamka."

Mzee Ramadhani alitoa mkasi wake mfukoni, akapiga goti, akanitenganisha na msumari kwa ustadi wake wote, kisha nikaondoka Isevya jioni ile na kanzu inayoishia magotini, nimeshika baiskeli yangu, mke wangu pembeni. Watu waliokuwa wakichoma mahindi barabarani walinisalimu halafu wakageuka kutazamana.

Tulipovuka reli ndipo nikapata sauti. "Mama Hawa. Nilisikia aliposema atakurithi."

"Najua ulisikia. Kulwa ameniambia mshipa ulivyokwenda mbio, akadhani utakufa kweli."

"Basi kama unajua..."

Akasimama. "Baba Hawa, mimi si muuguzi. Siwezi kukushika mkono kila siku nijue moyo wako unakwendaje. Mtu anasema."

Treni ya mizigo ilikuwa inapita nyuma yetu, nikangoja ipite yote, mabehewa yale ni mengi, nikitumaini kwamba litapatikana jambo jingine la kusema. Halikupatikana.

"Nilikuwa na wivu," nikasema.

"Sema kwa Kiingereza."

"Mama Hawa!"

"Na sentensi iwe na nyingine ndani yake."

Nikaisema. Nilisema kwamba sikujua jinsi ya kumwambia kwamba nilikitaka kile kicheko kiwe cha kwangu. Na mimi, ambaye nimefundisha jambo hilo kwa rangi, huku chokaa inanidondoka kwenye kope na kanzu inaishia magotini, nikakosea. Nikakosea vibaya, kosa la mwanafunzi wa juma la kwanza, nikalisikia likitoka nisiweze kulirudisha.

Mama Hawa alinitazama. Kikaanzia chini kama kikohozi, kikapanda, kikamponyoka, akashika usukani wa baiskeli asianguke.

Jogoo tulimla Jumapili. Pazi alikuja na shati lililofungwa vifungo vyote, akachukua paja bila kukaribishwa, akasema nyama ya Wanyamwezi ni ngumu kama vichwa vyao, nami kwa mara ya kwanza nikamjibu kwamba meno ya Wazaramo yaliharibiwa na nazi. Mama Hawa akaniangalia, akaniongezea ugali. Hakuhama darasa lake. Wivu bado ninao, nisiwadanganye, tena mwingi, na nywele zile bado zinaniudhi. Lakini nimeapa, na kiapo hiki nakitamka mbele yenu mliosikia hadithi hii ikisimuliwa vibaya na fundi baiskeli, kwamba sitapanda tena juu ya dawati kutazama furaha ya mke wangu kutoka upande wa pili wa ukuta. Nikikisikia kicheko kile, nitavaa viatu vyangu, nitazunguka mpaka mlangoni, na nitapiga hodi kama watu wengine.

Na kwa kuwa jogoo hayupo, alfajiri siku hizi ananiamsha Mama Hawa. Ananiamsha kwa Kiingereza. Akikosea, nanyamaza.